Wacheni Kupika Matokeo ya Fizikia

Wasee, leo nasema ukweli na kuna watu watanuna.

Ukisoma shule ya upili huku kwetu, Thika, Juja, Ruiru, unajua "kupika". Si ugali. Ni ile penduli inakupa namba tofauti na ya kitabu, unaifuta. Unaanza na jibu, unarudi nyuma kujaza jedwali. Grafu inanyooka kama rula. Mwalimu anajua, ananyamaza.

Mimi naita huo wizi. Na anayeibiwa ni wewe.

Cheki hii. Marekani, 1988, kundi la William Phillips lilikuwa linapunguza kasi ya atomu za sodiamu kwa leza. Atomu zikitoka kwenye tanuri zinakimbia karibu mita 1,000 kwa sekunde, yaani kilomita 3,600 kwa saa. Hakuna mathree ya Thika Road inafika hapo! Dawa yake ni kuimulika leza kutoka mbele. Kila chembe ya mwanga ikiigonga atomu, inapunguza kama sentimita 3 tu kwa sekunde. Kwa hivyo unaigonga mara 30,000 hivi. Ikitulia, ndiyo imepoa.

Sasa, nadharia ilisema huwezi kushuka chini ya 240, yaani sehemu 240 za milioni za digrii moja juu ya ile baridi ya mwisho kabisa. Jamaa wakaziachilia atomu, wakapima muda zinaochukua kufika kwenye mwali mwingine wa leza. Wakapata 43.

Mwanafunzi wetu angefuta 43 aandike 240. Wao walipima tena, kwa njia zingine. Bado chini. Kumbe nadharia ndiyo ilikuwa na pengo! Claude Cohen-Tannoudji, mzaliwa wa Constantine, Algeria, akawa kati ya waliofafanua kwa nini. Mwaka wa 1997 yeye, Phillips na Steven Chu wakapewa Nobel.

Najua utaniambia, "Lakini vifaa vya shule yetu vimeharibika." Sawa. Basi andika hivyo! Saa ikikwama, hayo pia ni matokeo. Mkipika nyote, karatasi zinasema maabara iko poa. Nani atanunua vifaa vipya?

Nanyi walimu, mnaotoa alama kwa grafu mnayojua ni ya uongo, mnafundisha nini? Mpeni alama yule aliyeandika namba mbaya na akaeleza kwa nini ni mbaya.

Namba ikikataa, pima tena. Ikikataa tena, iandike.

Kwa sababu kesho utatoka chuo pale Juja, utumwe kupima maji ya Mto Chania kama yanafaa kunywa, ama simiti ya ghorofa Ruiru. Watu watalala ndani ya hiyo nyumba. Hapo pia utapika?