Vijana wakabidhiwe ukumbi

Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010 ilimfungia mlango wa baa kijana asiyefika miaka 18, nayo ilifanya vyema. Lakini bendi zetu nyingi hupigia huko huko. Mwanafunzi apendaye gitaa akalisikilize wapi, kama si katika ukumbi wa kijamii mtaani mwake?

Wako wazee waonao fujo katika kila onyesho la vijana. Wakuu wa jiji la Seattle, Marekani, waliona hivyo mwaka 1985, wakamtaka mwandalizi awe na bima ya dola milioni 1 na kuajiri polisi. Maonyesho yakadidimia. Sheria hiyo iliondolewa mwaka 2002. Na tangu 2001 vijana walikwisha kuanzisha The Vera Project, ambako wao wenyewe hukaa langoni na kuendesha mitambo ya sauti.

Hapa kwetu mwalimu na awepo. Aombe kibali, achunge saa na kelele, maana kanuni za mwaka 2009 zipo, na jirani naye ana haki ya kulala. Lakini hesabu ya kiingilio aifanye mwanafunzi, na ikipungua hata shilingi 50, aulizwe yeye.