Ni Kelele au Muziki?

Wako wenzetu hapa shuleni wanaoshika kwamba kazi ya mpiga kinanda ni kuwafuata waimbaji tu. Akijaribu jambo lake mwenyewe huambiwa, "Acha kuchezea chombo!" Mimi sikubaliani nao hata kidogo.

Mwaka 1961 na 1962 Bwana György Ligeti, mzaliwa wa Transilvania, alitunga Volumina kwa kinanda cha mabomba peke yake. Nota za kawaida hazimo. Mpigaji hufuata michoro. Mwanzoni hulalia vibao kwa mikono, toka viganja hadi viwiko, ndipo mashine ya upepo huwashwa, na sauti hufumka zote pamoja kama gharika. Mwishoni mashine huzimwa, nazo hulegea na kufifia kadiri upepo unavyokwisha. Katika mazoezi ya Bwana Karl-Erik Welin huko Göteborg, Uswidi, kinanda kilishika moto! Wenye kanisa kuu la Bremen waliposikia hayo wakakataa chao kisiguswe. Hata hivyo Volumina hupigwa mpaka leo.

Sasa sisi wa Usukumani tumcheke kwa haki gani? Bagika na Bagalu wakishindana ngoma, umati huhamia kwa mwenye kubuni jipya. Wapo hata wachezao na chatu, wala hakuna awaambiaye waache.

Naomba basi wapiga kinanda wetu wapewe robo saa kila Jumamosi, wapige peke yao watakacho. Kinanda kikiungua, nitakuwa wa kwanza kuchanga.