Kinywe cha Mahenge na mfuko wa urea

Mkulima wa mpunga wa Ifakara anaponunua mfuko wa urea, analipia pia haidrojeni. Urea hutokana na amonia, na amonia hupatikana kwa kuunganisha naitrojeni ya hewani na haidrojeni, ambayo viwanda vingi duniani huipata kutoka gesi asilia. Ndiyo maana bei ya gesi ilipopaa duniani mwaka 2022, mbolea nayo ilipanda hadi huku bondeni, na Serikali ikatoa ruzuku.

Haidrojeni hiyohiyo yaweza kupatikana kwa kupitisha umeme kwenye maji. Kikwazo ni gharama ya umeme na ya kichocheo, yaani kitu kinachorahisisha kazi hiyo bila chenyewe kuisha. Kichocheo bora ni platinamu, madini adimu na ghali. Kwa hiyo wanasayansi wamegeukia vitu vyenye tabaka nyembamba kama kurasa za kitabu. Kimojawapo ni molibdeni disalfaidi, unga mweusi ambao tayari hutiwa kwenye grisi za mashine. Mwaka 2007 watafiti wa Denmark walionesha kwamba haidrojeni huzalishwa kwenye kingo za tabaka hizo, si kwenye uso wake mpana. Tangu hapo watafiti wanatafuta namna ya kuongeza kingo, na ya kuzipachika juu ya tabaka za kaboni zinazopitisha umeme vizuri.

Tabaka za kaboni zikilaliana ndizo kinywe. Na kinywe tunacho: ukivuka Daraja la Magufuli kutoka Ifakara, unaelekea Mahenge kwenye hazina yake.

Katika falsafa tunajifunza kwa Aristotle kutofautisha maada na umbo. Kinywe na almasi vyote ni kaboni. Kinachovitofautisha ni mpangilio. Nasi twaona kwamba katika kazi hii thamani ya jiwe hutokana na umbo tunalolipa, na umbo hilo huletwa na maarifa. Mazungumzo kuhusu mgodi wa Mahenge huishia kwenye ajira, fidia na asilimia 16 ya hisa za Serikali. Hayo ni mambo ya haki, na wanaopisha mgodi walipwe stahiki zao. Lakini tukigawana maada tu, tutauza unga kwa tani na kununua umbo kwa gramu.

Wapo watakaosema hizi ni ndoto za maabara. Ni kweli, mitambo mikubwa bado hutumia nikeli au platinamu. Ila Ifakara yenyewe ni jibu. Tangu miaka ya 1950 utafiti wa magonjwa ya kitropiki umefanyika hapa, na leo dunia inakuja kujifunza malaria kwetu. Bonde lina maji, na umeme wa Kihansi, megawati 180, unazalishwa jirani.

Tunachopendekeza ni kidogo. Parokia zetu hujua kuchangia bati na saruji za kigango. Tuchangie pia maabara ya kemia katika sekondari zetu, na tumlipie ada binti wa mkulima anayependa sayansi. Kinywe kitachimbwa, tukijiandaa au tusipojiandaa. Tusikubali watoto wetu wabaki kuwa wapakiaji wa magunia.