Msomi, maji tunywe au tumwage?

Kila wiki nawasema wenzangu, wiki hii najianika mwenyewe. Cheka utakavyo, ila wewe unayesoma digrii ya pili soma mpaka mwisho.

Mimi bwana, kabla sijaanza kukuletea vituko hapa, nilikuwa mwanafunzi wa uzamili. Utafiti wangu ulihusu visima vya uswahilini, hapa hapa Dar. Nikazunguka na vichupa nyumba hadi nyumba, nikachota maji, nikapeleka maabara. Majibu yakatoka: visima vilivyo jirani na vyoo vya shimo vilikuwa na vijidudu vya kinyesi, wenyewe huviita E. coli. Kwa kiwango cha Shirika la Afya Duniani, kwenye mililita 100 za maji ya kunywa hatakiwi aonekane hata mmoja.

Siku ya semina chuoni nikavaa suti ya mtumba na tai ya kuazima. Dakika nilizopewa 15, slaidi nilizobeba 46! Nikageukia ukuta, nikaanza kusoma neno kwa neno, jasho linatiririka. Mwenyekiti anagonga kengele, niko slaidi ya 11, ndiyo kwanza namalizia usuli wa tatizo. Majibu yenyewe nikayapitisha mbio kama daladala iliyoona trafiki. Watu wakapiga makofi, nikajiona kidume. Kumbe walikuwa wanawahi chakula.

Hiyo haikuniuma. Kilichoniuma ni cha mtaani.

Nilirudi kuwapa wenyeji majibu yao, tukakutana ofisi ya serikali ya mtaa. Nikawamwagia "kolifomu", nikawamwagia "uchafuzi wa kibiolojia" na asilimia zenye desimali mbili. Watu kimya, wanatikisa vichwa. Nilipomaliza, bibi mmoja ambaye kisima chake nilikipima mara tatu akanyoosha mkono.

"Mjukuu wangu, Mungu akuzidishie elimu. Sasa haya maji, tunywe au tumwage?"

Watu wakaangua kicheko. Nami, nakuapia, nikamjibu: "Bibi, inategemea matumizi na kiwango cha ukomo."

"Haya, baba," akasema, akakaa.

Wiki mbili baadaye nikapita kwake kufuata ndoo yangu. Nikamkuta kampakata mjukuu wake wa kike, mtoto macho yameingia ndani. Anaharisha tangu juzi, ndiyo wametoka naye zahanati. Pembeni kuna mtungi, na maji ya mtungini ni ya kisima kile kile.

Siwezi kukuambia kuwa maji yale ndiyo yaliyomuumiza, tumbo la mtoto lina mambo mengi. Ninachojua ni kwamba nilikuwa na sentensi moja ya kumwambia bibi yule, na siku ya mkutano sikuisema. Nikaisema palepale mlangoni: "Bibi, maji ya kisima hiki yana kinyesi. Ya kunywa yachemshe mpaka yatokote, usiyaonje kabla."

Akanitazama muda mrefu. "Sasa si ungesema!"

Mtoto alipona, tushukuru. Mimi ndiye niliyebaki na kidonda.

Baadaye nikaja kujua kuwa ugonjwa wangu wenzetu wameutafutia dawa. Mwaka 2008, Chuo Kikuu cha Queensland kule Australia kilianzisha mashindano yanayoitwa Three Minute Thesis. Jimbo lao lilikuwa na ukame, watu wakaoga huku wakitazama kisaa cha dakika 3 ili wasimalize maji. Mkuu mmoja wa masomo ya uzamili akajiuliza: kama mtu anaweza kuoga kwa dakika 3, ashindwe kueleza utafiti wake? Masharti ni slaidi moja tu isiyochezacheza, hakuna vifaa vya kuonyesha, na ukipitisha dakika 3 umetoka. Wanasema tasnifu ya maneno 80,000 ingechukua saa 9 kuisimulia yote. Nani ana saa 9 za kukusikiliza, mshikaji?

Basi chukua kwangu haya, sikutozi hata senti.

Kwanza, anza na yule anayeumia, usianze na kichwa cha tasnifu. "Kuna bibi ana kisima hatua chache kutoka chooni" inamwamsha hata profesa aliyesinzia. Pili, lile jibu ulilolihangaikia liseme mapema, kengele isije ikakukuta kwenye usuli. Tatu, slaidi ni ya wasikilizaji. Wewe watazame watu, ukuta hauna maswali. Nne, jipime kwa saa ya simu yako, tena kwa sauti, umesimama. Kusoma kimoyomoyo kitandani si mazoezi.

La tano ndilo kubwa. Kabla hujapanda jukwaani, mweleze kwa Kiswahili mtu asiyesoma fani yako: mama ntilie, konda, shangazi yako. Kisha muulize yeye amesikia nini. Akikurudishia kitu kingine, usimcheke. Rudi ukajipange upya, bado hujaiva.

Mimi siku ya kutetea tasnifu nilianza na lile swali la bibi. Mmoja wa watahini akaweka kalamu chini, akauliza: "Enhe, ukamjibu nini?"

Ukweli nikamwambia. Nikafaulu, lakini aibu bado ninayo.

Tukutane wiki ijayo. Kuna birika linatokota jikoni, ngoja nikaliipue.