Mizani Haioni Protini

Mfugaji wa Gitothua anayetaka kupandisha ng'ombe wake huuliza kwanza dume huyu atampa mtamba wa lita ngapi. Protini haiulizi, na hana kosa. Alfajiri maziwa yake yakifika kwa mnunuzi, hutiwa spiriti kuona kama yanaganda, hutumbukizwa laktomita kuona kama yana maji, kisha hupimwa kilo na kuandikwa kitabuni. Vipimo hivyo ni vya lazima, ila hakuna hata kimoja kinachosema mna protini kiasi gani. Analipwa uzito, na takriban asilimia 87 ya uzito huo ni maji.

Toleo hili linazungumzia ng'ombe chotara. Msimamo wetu ni kwamba kumhimiza mfugaji abadili mbegu ilhali malipo ni yale yale ni kumtia hasara.

Maziwa ya Friesian huwa na protini ya asilimia 3.2 hivi, ya Jersey hukaribia 3.8. Chotara wao huangukia katikati. Nguvu ya uchotara huonekana zaidi katika uzazi, afya na umri wa ng'ombe. Kwenye asilimia ya protini haipo, au ni ndogo mno. Jersey huinua protini kwa sababu ni Jersey. Anayechanganya Friesian na Ayrshire asitarajie makubwa.

Ubora nao una hesabu yake. Karibu asilimia 80 ya protini ya maziwa ni kasini, ile inayoshikana tukitengeneza jibini. Miongoni mwake ni kapa-kasini, ambayo aina yake ya B hupatikana zaidi kwa Jersey kuliko kwa Friesian. Maziwa yenye aina hiyo huganda upesi na donge lake huwa gumu.

Tuseme Friesian anatoa kilo 15 kwa siku zenye protini asilimia 3.2: hizo ni gramu 480. Chotara akitoa kilo 13.5 kwa asilimia 3.5, ni gramu 472.5. Protini ni karibu sawa, lakini kwa malipo ya leo mwenye chotara amekosa bei ya kilo moja na nusu. Na chotara huyo ana mwili mdogo na hula kidogo, jambo zito Gitothua, ambako nyumba za kupanga zimemeza mashamba na nepia hununuliwa.

New Zealand mfugaji hulipwa kwa kilo za mafuta na protini, na chotara wa Friesian na Jersey ndiye aliyeenea kuliko wote. Mbegu za Jersey hata sisi tunazo, katika kituo cha Kabete kilichoanzishwa mwaka 1946. Bila shaka mbegu peke yake haitoshi: lishe isiyo na nguvu hushusha protini, na ugonjwa wa kiwele hupunguza kasini.

Waliotangulia walisema kizuri chajiuza, lakini hakijiuzi kwa mnunuzi asiyekitazama. Viwanda, kikiwamo kile kikubwa kilichopo hapa Ruiru, pamoja na vyama vya ushirika vya Kiambu, vianze kupima protini ya kila mfugaji, hata kama ni mara moja kwa mwezi, na viiwekee bei. Mfugaji akiiona kwenye hati yake ya malipo, swali lake kwa mpandishaji litabadilika bila kuhubiriwa na mtu.

Mhariri