Kreti ya soda inatosha

Makala yenu kuhusu kuketi vizuri kazini ni nzuri, lakini picha ya kile kiti cha ofisi chenye magurudumu imenichekesha. Huku Riruta Satellite, Nairobi, vijana wengi wa kazi za mtandaoni hulala, hupika na huchapa katika chumba kimoja. Kiti ni cha plastiki, na meza ni stuli au kitanda chenyewe. Laptopu ikiwa chini hivyo, shingo inainama na mgongo unapinda usiku kucha, maana mteja yuko Marekani.

Inua laptopu kwa kreti ya soda mpaka ukingo wa juu wa skrini ulingane na macho, kisha nunua kibodi na mausi za kuchomeka (ukiinua bila kibodi ya pembeni, utahamishia maumivu mabegani). Kunja leso uiweke nyuma ya kiuno. Nyayo ziguse sakafu. Na muhimu kuliko hayo yote, simama kila nusu saa, hata kama ni kwenda kuchota maji tu. Hakuna kiti kinachotibu kukaa saa kumi mfululizo.

Wenye saiba nao waachane na stuli zisizo na egemeo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ampe kiti kinachomfaa mfanyakazi anayefanya kazi ameketi.

Mguu ukiingia ganzi na kulegea, au mkojo ukikataa kutii, usiende kukandwa mtaani. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.