Msiisingizie Tanesco!

Wadau, nimechoka hoi ila hili lazima niliseme. Juzi kwenye igizo letu hapa Bunju taa za jukwaani zilianza kupepesa zenyewe, mara harufu ya plastiki, mara giza tii. Ukumbi mzima: "Tanesco hao!" Jamani, nyumba za jirani si zilikuwa zinawaka?

Kosa ni letu. Taa nne za wati 1000 tulizichomeka kwenye ekstensheni moja ya ampea 13. Piga hesabu: 13 mara 230 ni wati 2990. Sisi tunadai 4000! Na ndani ya plagi, badala ya fyuzi, mtu kaweka kipande cha waya. Imeyeyuka.

Zile za LED nazo tuliziunganisha kwa waya wa maiki. DMX512 inataka waya wake, taa moja hadi nyingine kwa mstari mmoja, na rizista ya omu 120 mwishoni. Zitaachaje kupepesa?

Mnasema "tumezoea hivyo". Sisi ni walimu watarajiwa. Kesho tutakabidhiwa kumbi zilizojaa watoto. Mazoea hayazimi moto.

Anayebisha aje, plagi ninayo.